Darasa la Tatu, Sasa Jiko

Niliitwa kupiga lipu Newala, kule juu
nchi inakokatika ghafla na Ruvuma kuonekana chini
kama uzi uliomponyoka fundi cherehani.
Nyumba ya mawe. Madirisha marefu kuliko watu.
Nikatua ndoo, mwiko, kamba ya timazi,
nikapiga hodi
kwenye mlango ambao miaka mitatu niliuingia
bila hodi, nikikimbia fimbo.

Bi Somoe akafungua, sufuria mkononi.
"Hapa jiko. Pale sebule.
Ofisi ya mwalimu mkuu nimeifanya choo."
Akacheka. Nami nikacheka,
maana bei tulikuwa hatujapatana.

Mawe yale hayakuja kwa lori.
Bibi alisema: enzi zao, aliyechelewa namba
alitozwa jiwe, alibebe kichwani toka korongoni,
na ukuta wa kaskazini, ule mnene,
wote umejengwa na wavivu.
Babu yangu Nangolo yumo humo mara kumi na moja.

"Lipu yote ibandue," akasema mama mwenye nyumba,
"ila ubao usiuguse."
Upo pale pale, saruji nyeusi juu ya majiko ya gesi.
Ameandika kwa chaki:
chumvi, dagaa, sabuni ya mche,
Mchilima anadaiwa elfu nane.
Mwandiko wake unalala kushoto.
Mwalimu Nambecha angeunyoosha kwa rula, na vidole pamoja.

Siku ya tatu patasi ikafika chini, usawa wa goti.
Hapo ndipo majina yalipo,
kwa sababu tulikaa sakafuni.
Yamechimbwa kwa misumari, kwa meno ya bikari,
moja limeishia katikati, LIKWA,
sijui kengele ililia au mwenyewe alikamatwa.
Na Nantindi, herufi zake ndogo, zimejipanga
kama mbegu alizopanda mtu asiye na haraka.
Alijua kugawanya kuliko sisi wote.
Aliingia unyago likizo ya Desemba,
Januari nafasi yake mkekani tukaijaza kwa miguu.

Langu sikulitafuta.
Niliona tu mkono umeacha kugonga.

Baba aliuza korosho zikiwa maua,
kangomba, bakuli kwa bakuli, usiku, nyuma ya nyumba,
apate kuninunulia kaptula ya kaki.
Mnunuzi alikuwa na bakuli lake mwenyewe, lenye kina.
Jina lake sitalitaja: picha yake
imetundikwa sebuleni, kofia ya mkono, tabasamu,
na binti yake ndiye aliyeniletea chai
na mihogo miwili, ya moto, nisikufuru.
Kaptula ile ilidumu hadi darasa la tatu.
Na mimi vilevile.

"Umeona nini hapo?" akauliza.
"Nyufa tu, mama."

Saruji moja, mchanga nne,
hesabu pekee niliyotoka nayo humu, na haijanidanganya.
Maji ya kuchanganyia yalipanda mlima kwa pikipiki,
dumu kwa dumu, kwa hiyo sikuyamwaga ovyo.
Nikafunika ukuta mpaka ukawa laini kama yai.
Pembeni tu, litakapokaa jokofu,
nikaacha kipande upana wa viganja viwili.
Nantindi anapumua humo, na yule LIKWA.

Jumamosi akashika chaki kupiga hesabu yangu:
siku sita, mara elfu ishirini na tano.
Akaandika laki moja na thelathini.
Nikainuka. Hakuna aliyeniita jina.
Nikachukua chaki mkononi mwake, taratibu,
nikafuta tatu, nikaweka tano,
vumbi likaniingia kwenye nyufa za saruji vidoleni
na sikujua lipi ni lipi.

Akautazama ubao kwa muda.
"Kweli," akasema, "laki na nusu."
Akanihesabia laki na arobaini.
Hiyo kumi, akasema, msimu ukifunguliwa.